Machozi Yetu Yaanguka Wapi?



Tulipokuwa safarini Paris, jioni moja ya baridi kali, wenyeji wetu walitupeleka katika jumba la opera lililoko kiwanja cha Bastille. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Jumba hilo lilizinduliwa tarehe 13 Julai 1989, katika mkesha wa kutimia miaka mia mbili tangu wananchi walipoliteka gereza la Bastille, na ukumbi wake una viti zaidi ya 2,700. Twakiri bila haya: sauti ya binadamu iliyofunzwa vema ni sifa kwa Muumba aliyeitoa.

Usiku ule uliimbwa mchezo wa La Bohème, kazi ya Mtaliano Puccini, ulioonyeshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896. Ndani yake Mimì, mtarizi maskini wa mji huo huo wa Paris, afa kwa kifua kikuu, viganja vyake baridi. Watu walitoa leso wakafuta macho. Nasi pia tulilia.

Kisha tukatoka. Njia yetu ya kurudi ilipitia rue de Lappe, mtaa mwembamba ulio karibu, wenye sifa ya dansi na vilabu vya pombe tangu zamani. Taa zilimetameta, ngoma zilivuma, vijana walipita wakicheka. Kizingitini pa duka lililofungwa aliketi msichana asiye na koti, akikohoa. Waliotoka opera walimpita. Walevi walimpita. Na mwandishi wa maneno haya, ingawa ni padre, alimpita vilevile. Tulipofika mlangoni kwa wenyeji wetu ndipo dhamiri ilipotuuma. Tuliporudi, hakuwapo tena.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliungama kwamba utotoni alimlilia Didona, malkia wa hadithi, wala hakuililia roho yake mwenyewe iliyokuwa ikifa mbali na Mungu.

Msidhani neno hili ni la Wazungu peke yao. Jioni twaketi mbele ya televisheni, twamhurumia yatima wa mchezo. Na mtumishi wetu wa nyumbani, mtoto wa watu, ana homa tangu asubuhi, wala hapana aliyemwuliza hali. Twavilaani vilabu vya usiku, na kweli vimewapoteza wengi. Lakini kuhani na Mlawi waliompita majeruhi katika njia ya Yeriko hawakuwa walevi.

Enyi akina baba na akina mama, huruma isiyofika mikononi ni mchezo tu, na pazia lake hushuka upesi. Siku ya hukumu hatutaulizwa tulilia mara ngapi. Basi leo, kabla ya sala ya jioni, kila mmoja amwendee aliye karibu naye amwulize: Umekula? Unaumwa? Kisha asiondoke kabla ya kusikia jibu.

Mungu atujalie neema hiyo.