Kumchagua Fundi wa Rangi

Tangu nistaafu nimekuwa na tabia ya kutazama kuta za watu. Nikipita mtaani kwetu hapa Tanga, jicho langu huanzia chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Juu, karibu na paa, kila fundi ni hodari. Chini, ambako unyevu hupanda kutoka ardhini na mvua hurusha matope, kazi mbovu haikawii kufichuka: rangi huvimba, hubanduka, na lipu iliyo nyuma yake hutoa chumvi nyeupe.

Elimu hii sikuipata chuoni, ingawa nilifundisha walimu miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu mkuu. Niliinunua.

Mwezi Machi mwaka 2019 tuliletewa habari kwamba wageni wa posa ya binti yetu wa mwisho wangefika baada ya majuma matano. Mke wangu akaitazama nyumba, kisha akanitazama mimi, nami nikaelewa.

Fundi wa kwanza alikuja mikono mitupu. Hakuuliza napenda rangi gani. Aligonga ukuta kwa kidole akasikiliza, akapitisha kiganja na kunionyesha unga uliobaki mkononi, akazunguka nyuma kuangalia maji ya paa yanaelekea wapi. Alipofika kwenye mlango wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta, aliuliza kama kuna wajukuu, kwa sababu rangi nyingi za namna ile zilitiwa madini ya risasi, na vumbi la msasa huwadhuru watoto. Kisha akapima kwa hatua. Nyumba yetu ni mita 14 kwa 10, kimo mita 3. Ukitoa milango na madirisha, kuta za nje zabaki kama mita za mraba 120. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, tena ukuta ukiwa laini. Mikono miwili ni lita 24, na ukuta mkavu wenye vinyweleo hunywa zaidi. Akataka ndoo ya lita 20, makopo mawili ya lita 4, na praima kando. Halafu akasema neno lililoniudhi: "Mwalimu, kazi hii siwezi kuianza sasa. Ukuta una maji na masika ndiyo yanaingia. Tusubiri mpaka Julai."

Nilimshukuru, nikampa nauli, nikatafuta mwingine.

Wa pili alinisalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwalimu." Kumbe alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa na picha za nyumba zinazong'aa ndani ya simu yake, zote zimepakwa karibuni. Alisema ndoo moja yatosha na chenji itabaki, siku kumi kazi imekwisha, na ufundi wake ulikuwa nusu ya bei ya yule wa kwanza. Hata hiyo nusu nikaipunguza. Mimi niliyefundisha hesabu, niliyekwisha pigiwa hesabu hiyo hiyo uani kwangu siku mbili kabla, nilikubali kwamba lita 20 zinaweza kufanya kazi ya lita 24 na zaidi. Zinaweza kweli, ukizizimua kwa maji mengi.

Siku ya posa nyumba iling'aa. Wageni waliisifia. Masika ya mwaka 2020 yalipokwisha, ukuta wa upande wa kusini ulikuwa umebanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua, na ulioshika bado ulikuwa ukipaka watu unga mgongoni.

Nilimwita yule mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, kama nilivyozoea ofisini. Alinisikiliza amesimama, mikono nyuma. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, ulitaka ing'ae siku ya wageni."

Msomaji wangu, hakusema zaidi, lakini mimi nilisikia zaidi. Katika miaka ya 1980, pale shuleni, tuliletewa taarifa ya ugeni mkubwa. Tulikuwa na fedha kidogo. Paa la darasa la nne lilikuwa likivuja. Nikaamua fedha zile zipake ukuta mmoja tu, unaotazama barabara, na wanafunzi nikawatoa kupaka chokaa mawe ya njia na mashina ya miembe. Ugeni ukapita, tukapongezwa. Darasa la nne wakaendelea kusogeza madawati kila mvua inaponyesha. Mmoja wa waliobeba ndoo za chokaa siku ile ndiye aliyesimama sasa mbele yangu.

Je, kosa langu linafuta lake? Nimelifikiri sana swali hili, na sikubali kwamba linafuta. Alijua rangi haitoshi, akanyamaza, akapokea fedha. Fundi hulipwa pia kwa ajili ya kusema asichotaka kukisikia mwenye nyumba. Lakini siwezi kudai nilidanganywa. Mtu aliyeambiwa kweli Jumatatu akaifukuza, akaenda kununua uongo Jumatano kwa nusu bei, na uongo wenyewe akaombea punguzo, huyo hawezi kuitwa mwenye kudanganywa. Fundi mwema nilimtambua tangu alipogonga ukuta. Hilo halikuwa gumu. Sikumtaka, basi. Watu wakiniuliza leo namna ya kumpata fundi, nawaambia waombe kuona nyumba aliyoipaka miaka mitatu iliyopita. Wengi hawaendi kuiona, nami siwalaumu.

Fundi wa kwanza nilimfuata Julai ile ile. Hakunikumbusha lolote. Aligonga tena ukuta, akaukwangua wote mpaka kwenye lipu, akachimba mfereji wa maji nyuma ya nyumba, kisha akakataa kupaka. Ukuta uachwe ukauke, alisema, na angerudi baada ya majuma matatu. Kwa majuma hayo nyumba yangu ilisimama uchi barabarani, mabaka matupu, na kila aliyepita aliniuliza kuna msiba gani. Nilikuwa nikiketi barazani na kuwajibu.