Mkorogo Hauishii Kwenye Ngozi

Wajukuu zangu, najua babu akitaja mkorogo mnaangaliana. Mnadhani nitawahubiria uzuri wa weusi. Hilo nawaachia wengine. Mimi nimezeekea chumba cha kuchanganyia dawa, na onyo langu ni la kifundi: mnachopaka kinaingia.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko unywele. Linazuia maji na vumbi, lakini molekuli ndogo inayopenda mafuta hulipenya hadi kwenye damu. Wenye viwanda vya dawa wanalijua hilo na wanalitumia. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu kiraka cha skopolamini cha kuzuia kichefuchefu cha safarini. Kinabandikwa nyuma ya sikio, mbali kabisa na tumbo, na dawa inaingia kidogo kidogo kwa siku tatu.

Tena ngozi haifanani mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima dawa ya haidrokotisoni iliyopakwa sehemu mbalimbali. Kwenye kigasha ilipenya kama asilimia 1 tu. Kwenye paji la uso ilikuwa mara 6 ya hapo, kwenye taya mara 13, na kwenye pumbu mara 42. Msicheke. Uso ndio mnaoupaka kwanza.

Na haidrokotisoni ni mnyonge katika ukoo wa steroidi. Kwenye mikorogo mnatia klobetasoli, inayoizidi nguvu mara mamia. Tyubu yake ina asilimia 0.05 tu ya dawa, na hata hivyo maelekezo yanakataza kuzidisha wiki mbili mfululizo au gramu 50 kwa wiki. Nyinyi mnaipaka shingo hadi vidole vya miguu, miezi na miezi, halafu mnajifunika kwa nailoni ili "ishike". Inashika kweli, maana ngozi iliyofunikwa hunyonya zaidi. Kwanza weupe, kisha michirizi mapajani, ngozi nyembamba inayochanika kwa kuguswa, sukari na presha kupanda. Kama mlikuwa na fangasi, wekundu unatulia huku fangasi wenyewe wanatanua.

Haidrokwinoni nayo ina kisa chake. Huko Afrika Kusini madaktari waliandika tangu mwaka 1975 juu ya wanawake walioitumia kujing'arisha wakaishia na mashavu meusi ya kibuluu yasiyotakata. Zebaki ya kwenye mikorogo sitaichambua sana: inakwenda kwenye figo, na inabaki kwenye taulo analofutiwa mtoto.

Mnaniambia mnachanganya kwa kipimo. Kipimo gani, kijiko cha chai? Sisi tulipotengeneza marhamu ya Whitfield tulipima asidi ya benzoiki gramu 6 na ya salisili gramu 3 kwa kila gramu 100. Unga unasagwa hadi ulainike, unawekwa kwenye kigae na marhamu kiduchu, unasuguliwa kwa kisu bapa, ndipo unaongeza mengine kidogo kidogo. Ukipitisha kidole ukahisi chembe, unaanza tena. Hiyo ilikuwa dawa ya mapunye tu. Krimu ni ngumu zaidi: mara nyingi ni matone ya mafuta yaliyoshikizwa ndani ya maji. Ukikoroga krimu tatu na losheni kwenye ndoo, inaweza kukatika, kihifadhi kikapungua nguvu na bakteria wakapata makazi. Chini ya ndoo dawa imejaa, juu hamna kitu, na wateja wawili wa siku moja hawapati kitu kimoja.

Aliyekwisha kutumia miezi mingi asiache ghafla kwa hofu. Steroidi ikiingia sana, tezi zilizo juu ya figo hulala, na kukatisha dawa ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Aende hospitali na makopo yenyewe, hata lile lisilo na jina, apunguziwe kwa utaratibu. Na mkiwa mnajiandaa kwa upasuaji au kujifungua, mkiulizwa mnatumia dawa gani, msijibu "situmii" kwa sababu hamjameza kidonge.