Adhabu Huishia Wapi? Kumbukumbu za Jinai na Mwombaji Kazi

Mwajiri anayemtaka mwombaji kazi athibitishe kwamba hajawahi kutiwa hatiani huuliza maswali mawili kwa pamoja, ingawa mara nyingi hutambua moja tu. Huuliza mahakama ilithibitisha nini kuhusu mtu huyu siku zilizopita; kisha, bila kutamka, huuliza mtu huyu ni wa namna gani hivi leo. Swali la kwanza lina jibu katika kumbukumbu za polisi, la pili halimo humo, na dhuluma huanza pale ambapo jibu la kwanza hupokelewa kana kwamba ni jibu la pili.

Nchini Tanzania hati inayotumika ni ile ambayo wengi huiita cheti cha tabia njema, yaani waraka wa Jeshi la Polisi unaotolewa baada ya alama za vidole za mwombaji kuchukuliwa na kulinganishwa na za watu waliokwisha kutiwa hatiani. Kando yake upo uchunguzi mwingine, mkongwe zaidi na uliozoeleka zaidi katika mitaa kama ile ya Buhare, mjini Musoma, mkoani Mara: barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa pamoja na majina ya wadhamini, yaani watu wanaokubali kumsimamia mwombaji na, penye fedha, kubeba hasara iwapo atatoroka. Mwenyekiti wa mtaa anayeandika barua hiyo hana alama za vidole za mtu yeyote. Anachokitegemea ni ufahamu wa majirani, wanaojua kwamba fulani alifungwa, lakini wanaojua pia kwamba tangu atoke gerezani huamka alfajiri kwenda ziwani, huwalipia watoto mahitaji ya shule na amepokewa tena na waumini wenzake. Ufahamu huo una hatari zake, kwa kuwa hubeba pia chuki, ukoo na uvumi, na mtu aliyeachiwa huru na mahakama anaweza kuitwa mwizi hadi uzeeni, ilhali ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 hukataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Hata hivyo una sifa moja ambayo cheti hakina, nayo ni kwamba unaweza kubadilika mtu anapobadilika.

Je, mtu anaweza kubadilika kiasi cha kuaminiwa tena? Swali hili wanazuoni wa Kiislamu walilichambua kwa makini ambayo waajiri wa leo wangefaidika nayo. Aya ya 4 na ya 5 za Sura An-Nur katika Kurani huamuru kwamba anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi, bila kuleta mashahidi wanne, apigwe mijeledi 80 na ushahidi wake usikubaliwe kamwe, kisha huwatoa katika hukumu hiyo wale wanaotubu na kutengenea. Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walihitilafiana kuhusu kile hasa ambacho toba hukiondoa. Mmoja wao, Abu Hanifa, alishika kwamba mwenye kutubu huvuliwa jina la ufasiki, lakini ushahidi wake hubaki umekataliwa maisha yake yote. Shafii na wengine wengi walisema kwamba toba humrudishia hata ushahidi, kwani haingii akilini mtu ahesabiwe kuwa mwema mbele ya Mungu na aendelee kuwa mwongo mbele ya kadhi. Madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, na wafuasi wake hawakuridhika na toba ya mdomoni: walitaka mtenda maasi aangaliwe kwa muda, na wengi wao wakaukadiria kuwa mwaka mmoja, kwa hoja kwamba misimu yote ikimpitia mtu bila yeye kurejea alikotoka, nafsi yake imekwisha kujaribiwa na hali mbalimbali. Lenye uzito hapa si urefu wa muda huo bali kuwapo kwake, maana kipindi cha majaribio chenye mwisho humpa mtu kitu cha kukifanyia kazi.

Wanazuoni hao hao waliliwekea mipaka hata lile linaloruhusiwa kusemwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alitaja katika Riyadhus Salihin hali sita zinazohalalisha kutaja aibu ya mtu asiyekuwapo, mojawapo ikiwa ni kumwonya anayetaka ushauri kabla ya kuoa, kushirikiana katika biashara au kumwachia mtu amana. Na wanazuoni wakaongeza kwamba, ikitosha kusema huyu hakufai, haifai kusema zaidi. Kwa kipimo hicho, kuchunguza si dhambi. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare huandaa watu ambao kazi yao huwapeleka kwenye vikundi vya kina mama, kwa watoto na karibu na fedha za mikopo, na halmashauri inayouliza iwapo mmoja wao aliwahi kuiba mali ya umma au kumdhuru mtoto inatimiza wajibu wake. Halmashauri hiyo hiyo ikimkataa mpishi kwa sababu ya ugomvi wa kilabuni wa miaka 15 iliyopita, haijilindi na chochote. Imemwongezea adhabu mtu ambaye mahakama, iliyokuwa na mamlaka ya kumhukumu, ilikwisha kumaliza naye.

Mkoa wa Mara wenyewe una mfano mzito. Mwaka 1958 Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitiwa hatiani na mahakama ya kikoloni kwa kosa la jinai la kukashifu, kutokana na maandishi dhidi ya wakuu wa wilaya katika jarida la Sauti ya TANU, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi 6. Faini ikalipwa, na mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu. Huenda ikasemwa kwamba lile lilikuwa kosa la kisiasa. Ndivyo, lakini alama za vidole hazitenganishi kosa la siasa na kosa la tamaa, wala la njaa na la ukatili. Anayeweza kutenganisha ni msomaji wa kumbukumbu, iwapo amepewa sababu na nafasi ya kuuliza.

Sheria za nchi zimefika nusu ya njia. Ibara ya 67 ya Katiba humzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu, maana yake hata kwa anayetaka kutunga sheria hatia ya namna hiyo ina ukomo, wakati fomu ya mlinzi wa usiku humuuliza kama amewahi, bila ukomo wowote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hukataza ubaguzi hata dhidi ya mwombaji kazi, lakini kumbukumbu ya jinai haimo katika misingi inayoitaja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu habari za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti, yaani zile zinazohitaji ulinzi wa ziada, na hutaka ridhaa yake ya maandishi. Ni hatua njema, ila ridhaa ya mtu asiye na kazi mbele ya mwenye kazi ni dhaifu, kwa kuwa anayekataa kuweka sahihi amekwisha kujitoa katika usaili.

Pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya ukomo huo hutoka kwa waliodhurika, ambao wanajua kwa nini Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Wamennonite, Wakristo waliofika Shirati mwaka 1934 na baadaye kujenga Bukiroba karibu na Musoma, wana historia inayoligusa jambo hili. Mwaka 1974, huko Elmira, Kanada, ofisa wa uangalizi wa wahalifu aliyekuwa Mmennonite, Mark Yantzi, alimpendekezea hakimu kwamba vijana wawili walioharibu mali za watu wapelekwe kuonana na waliowakosea. Wakapita mlango kwa mlango na kulipa fidia. Kumbukumbu ya jinai ya kawaida huandika hatia ya vijana kama hao na kuiacha safari yao ya kuomba radhi, ambayo kwa mwajiri ndiyo habari yenye manufaa zaidi. Yapo makosa, kama kumnajisi mtoto, ambayo hayapaswi kumrudisha mtu bwenini kama mlezi hata toba yake iwe ya kweli, kwa sababu gharama ya kukosea ingebebwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

Kwa kazi nyingine, mwajiri anayetaka kutenda haki atataja katika tangazo lake ni makosa gani yanahusiana na kazi hiyo na ya miaka mingapi nyuma, atadai cheti kwa yule tu aliyekwisha kumchagua, atamwonyesha kilichoonekana na kumsikiliza, na ataisoma barua ya mtaa pamoja na cheti cha polisi kabla ya kuamua.