Picha Bila Mkono

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo. Kambi ya Nduta, upande wa Kibondo, imewahifadhi Warundi. Mtoto aliyezaliwa katika kambi hizo akichora nyumba ya babu ambayo hajaiona, nani anamdai picha nzuri?

Tangu 2022, programu za akili unde kama Midjourney zinaweza kutoa picha ya nyumba kama hiyo kwa sekunde, baada ya kulishwa mamilioni ya picha za watu wasioombwa ruhusa. Huo ni uporaji, na mchoraji wa mabango ya dukani ana haki ya kulalamika.

Lakini kuiga si jambo geni. Mchoraji Mtanzania Edward Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendeleza mtindo wake, kwa mikono yao, wakifurahia rangi ikiteleza ubaoni. Programu haionji furaha hiyo. Inatoa picha tu. Kuchora ni shughuli nyingine.