Kamba ya mbuzi na kamba ya paka

Ukipita katika madepo ya unga pale Kadutu, mjini Bukavu, utaona mara nyingi paka mdogo amefungwa kamba shingoni nyuma ya mifuko ya mahindi. Ukimuuliza mwenye depo kwa nini amemfunga, anajibu bila kusita: « Nikimufungua atakimbia, ao watamwiba bamukule. » Si uongo. Kuna watu kwetu wanaokula nyama ya paka, wala hatuna haja ya kuficha. Lakini tujiulize: kamba ile inamlinda nani?

Wazee wetu walimfunga mbuzi, na hakuna aliyewalaumu. Tunasema hata leo kwamba mbuzi anakula pale alipofungwa (wakubwa wa ofisi wamegeuza neno hilo kuwa ruhusa ya kula mali ya watu, lakini hayo ni mambo mengine). Kamba haimwondolei mbuzi umbuzi wake. Majani iko pale, anakula, ananenepa. Paka ni tofauti. Kazi yake ni kunyemelea, kupanda juu ya dari, kuvizia muda mrefu bila kutikisika. Ukimpimia mita moja ya kamba, panya nao watakipima kipimo kile. Mwenye depo anabaki na mwili wa paka tu.

Tena paka hakuletwa kwa kamba. Mwaka 2004 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro walipata kaburi la mtu, na karibu yake paka aliyezikwa zaidi ya miaka 9,000 iliyopita. Wengi wanaochunguza mambo hayo wanaona kwamba paka alijileta mwenyewe: watu walianza kuweka nafaka, nafaka ikavuta panya, panya wakamvuta paka. Basi kati yake na sisi kulikuwa mapatano, na ndani ya mapatano yale kamba haikutajwa.

Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji wanatuambia kwamba huko kuna watu wanaotembeza paka kwa kamba. Tunacheka: Wazungu hao! Lakini tuangalie namna wanavyofanya. Hawafungi shingo, wanamvalisha mkanda unaozunguka kifua na tumbo. Kwanza mkanda unawekwa karibu na chakula chake ili auzoee kwa harufu. Kisha anavalishwa dakika chache ndani ya nyumba na kupewa kitu kitamu. Paka wengi, mara ya kwanza, wanalala chini kama wamekufa. Hapo hakuna kumvuta, unangojea. Kazi inaweza kuchukua majuma mengi, na paka wengine wanakataa kabisa. Yule anayekubali, siku akitoka inje, yeye ndiye anayechagua njia, na mtu anamfuata.

Kwa hiyo kamba ni ile ile, lakini ile ya kule inamfungulia mlango paka aliyekaa siku zote ndani ya nyumba ya gorofa, na ya kwetu inamfungia. Sisi walimu tunasikia kila mwaka mzazi akisema juu ya binti yake: « Namufungia mu nyumba juu namupenda. » Hatusemi binti ni paka. Tunasema neno lile la ulinzi linatumika kwa urahisi sana na yule anayeshika kamba, na mara chache tunamuuliza aliyefungwa.

Mchuuzi hana majuma ya kufundisha paka, tunakubali. Lakini desturi yetu ina njia ya katikati: paka mgeni anafungiwa ndani siku kadhaa, anapewa sambaza kidogo mahali pamoja, mpaka ajue nyumba ni hapa, kisha anaachiliwa. Na kama ni lazima kumfunga siku hizo, basi afungwe kifuani, si shingoni, maana paka akiruka juu ya mifuko na kuangukia upande wa pili, kamba ya shingo inamnyonga.

Tulimweleza hayo mwenye depo mmoja. Alisikiliza vizuri, akamtazama paka wake, akasema: « Sawa, mwalimu. Na asiporudi, ule unga wenye panya watakula, ni wa nani? »