Kuazima Maneno

Msomaji, mtihani wa Kifaransa uitwao DELF una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Kila sehemu ina alama 25. Apataye chini ya 5 katika sehemu moja huanguka, ijapokuwa jumla yake imepita 50. Kwa hofu hiyo wengine hukariri majibu yaliyotungwa na watu wengine. Je, huo ni uongo? Kuazima maneno si aibu. Kila lugha hujifunzwa hivyo. Lakini kijana wa Adu aulizwapo habari za kwao, akasimulia theluji ya Paris, amejikana nafsi yake. Sema habari za mbuzi na mahindi ya kwenu, japo kwa sentensi fupi. Kosa la sarufi husahihishwa. Mtahini hawezi kumsahihisha mtu asiyekuwamo katika maneno yake.