Damu Inayofaa: Kingamwili za Maabara na Swali la Undugu

Usemi "ndugu wa damu" una dai ndani yake: kwamba kinachowaunganisha watu kimo mwilini, na kwamba aliyeisoma damu ameusoma undugu. Kingamwili za maabara huisoma damu kwa uhakika, kwa hiyo dai hilo linaweza kupimwa.

Chembe nyekundu ya damu imebeba juu yake alama nyingi ziitwazo antijeni, na kingamwili ni protini inayoitambua alama moja na kuishika. Mtaalamu wa maabara hudondosha damu mahali patatu kwenye kigae cheupe. Tone la kwanza hutiwa kitendanishi cha bluu, chenye kingamwili dhidi ya A. La pili cha njano, dhidi ya B. La tatu kisicho na rangi, dhidi ya D, alama kuu ya mfumo wa Rh. Hukoroga kila tone kwa kijiti chake, kisha hukiinamisha kigae huku na huku kwa dakika mbili hivi. Alama ikiwapo, chembe hushikana na tone hukatika madonge mekundu, kama uji ulioharibika. Isipokuwapo, tone hubaki laini vilevile.

Msingi wa kipimo hiki uliwekwa na Karl Landsteiner mjini Vienna mwaka 1901, alipoeleza makundi matatu. La nne, AB, likaongezwa mwaka uliofuata. Kanuni aliyoigundua ni kwamba mtu hubeba kingamwili dhidi ya alama asiyokuwa nayo: wa kundi A ana kingamwili dhidi ya B, na wa O anazo dhidi ya zote mbili. Uadui huo unatokana na kitu kidogo mno. A na B zinatofautiana kwa sukari moja tu iliyo mwishoni mwa mnyororo wa sukari. O haina hata moja kati ya hizo mbili.

Kwa miongo mingi kingamwili za kupimia zilitoka katika damu ya watu na wanyama. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana. Vitendanishi vingi vya leo vya A na B vinatokana na njia hiyo. Shahidi anayeitwa kusema juu ya damu ya binadamu ni seli ya panya, isiyojua ukoo wala dini, na inajibu swali moja tu: je, alama hii ipo?

Majibu yake hayaungi mkono dai la ndugu wa damu. Baba wa A na mama wa B, ikiwa kila mmoja amebeba pia urithi wa O, wanaweza kupata watoto wanne wa makundi manne: A, B, AB na O. Aliye O kati yao hawezi kupewa damu ya ndugu yake hata mmoja, ilhali mgeni wa kundi O, Rh ikikubali, anaweza kumwokoa. Hata mama na mtoto aliye tumboni huweza kugombana: mama asiye na D anaweza kutengeneza kingamwili zinazovunja chembe za mwanawe mwenye D. Kuhusu ubaba, makundi ya damu yanajua kukana kuliko kukiri. Kwa kawaida mzazi wa AB hazai mtoto wa O, basi mtu anaweza kuondolewa katika shaka. Lakini makundi yakikubaliana, baba hajathibitishwa, kwa kuwa maelfu ya wengine wana kundi hilohilo.

Shaka hiyo ya ubaba ilijulikana kabla ya maabara. Itetemia, karibu na mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, inahusishwa na watemi, yaani watawala wa jadi, wa Unyanyembe wa ukoo wa Fundikira. Unyanyembe ilikuwa mojawapo ya nchi za Wanyamwezi. Zamani, katika nchi nyingi za Unyamwezi, mtemi alirithiwa na mpwa, mtoto wa dada yake. Mantiki yake ni wazi: mama hujulikana kwa kushuhudiwa akizaa, baba hujulikana kwa kuaminiwa. Sheria ya Kiislamu, iliyofika Tabora pamoja na misafara ya wafanyabiashara, ilishika njia nyingine: mtoto ni wa kitanda, yaani nasaba husimama juu ya ndoa. Moja ilifuata uhakika wa uzazi, nyingine ikafuata ahadi.

Njia ya misafara ilikuwa na undugu wa tatu, wa kuchanjiana. Aprili 1876, Mirambo, mtemi wa Urambo, na msafiri Mzungu Stanley walikutana Serombo. Kila mmoja akachanjwa mguu wa kulia, damu yao ikabadilishwa, na maapizo yakatamkwa juu ya atakayeuvunja undugu huo. Landsteiner alikuwa mtoto wa miaka saba. Hakuna aliyeuliza kama damu zao zinafanana. Waliozaliwa pamoja hawana haja ya kuchanjiana. Damu ilitumika kwa sababu kuitoa kunauma, na kwa sababu inadhaniwa kubeba uhai, kama Mambo ya Walawi 17:11 inavyosema.

Dini hazikubaliani kuhusu uzito wa damu kama ishara. Mashahidi wa Yehova, wakishika agizo la Matendo 15:29 la kujiepusha na damu, wamekataa kuongezewa damu tangu mwaka 1945. Katika Uislamu, kunyonya ziwa moja huwafanya watoto kuwa ndugu wasiooana, kama ilivyo katika Qurani 4:23. Lakini wanazuoni wa zama hizi wameeleza kuwa kuongezewa damu hakuleti katazo hilo. Maziwa hufanya undugu, damu haifanyi.

Methali husema undugu ni kufaana, si kufanana, na maabara hulifuata neno hilo bila kukusudia. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Magharibi mjini Tabora. Kabla mgonjwa hajaongezewa damu, seramu yake huchanganywa na chembe za mtoaji. Zisiposhikana, damu hiyo inafaa. Haitakiwi kufanana: chembe za O humfaa wa A. Wala kufaana huko hakudai malipo sawa, maana wa O huwafaa wengi lakini hupokea kutoka kwa wa O pekee. Kingamwili huonyesha damu ipi inaweza kupokelewa. Kama mwenye damu hiyo atakunja mkono wa shati ni jambo ambalo kigae cheupe hakilipimi, na hapo ndipo neno undugu linapoanza kazi yake.